Jinsi Nilivyochelewesha Machweo ya Nyaramba

Jumatatu, 12 Juni 1972

"Soko ni mahali pa mchana. Mwenye shughuli gizani ana shughuli ya giza." Hayo ni maneno ya Mzee Joash Ratemo leo mbele ya kamati ya soko la Nyaramba, na watu wazima wenye meno yao wakatikisa vichwa kukubali.

Upuuzi. Tuuchambue. Ratemo ni mwenye duka na mzee wa kanisa la Wasabato. Duka lake lina taa. Soko likiingia giza, wachumaji wa chai wanaorudi kutoka kituo cha kupimia majani huingia wapi? Kwake. Giza analolilaani ndilo linalomletea wateja. Tena, mama yake mwenyewe alituambia kwamba alimzaa kabla jogoo hajawika. Ile nayo ilikuwa shughuli gani?

Hali ndiyo hii. Ijumaa ya tarehe 23 kaunsili itamtuma afisa wa masoko, Bwana Andrew. Atakaa sokoni jioni nzima. Akipendezwa, tutapata taa nne za kudumu juu ya nguzo. Asipopendezwa, atatia saini pendekezo la Ratemo: soko lifungwe saa kumi na mbili kamili, daima. Hapo Bathsheba muuza uji na wenzake watarudi nyumbani na masufuria yaliyojaa, kwa sababu wanywaji wao ni wachumaji, na lori la majani huwachelewesha hadi saa moja.

Taa zikija zitahitaji Msimamizi. Msimamizi hupewa kofia ya kaunsili. Sisemi zaidi. Kichwa changu ni cha wastani.

Nani mwingine hapa anajua taa? Wazungu wa Nyansiongo walipouza mashamba na kuondoka, nilinunua mnadani juzuu mbili za ensaiklopidia ya Kiingereza, L na M. Nimezisoma zote mara nne. Habari za taa ziko L. London iko L. Madrid iko M. Juzuu la S lilikwenda na mtu wa Keroka, naye analitumia kuzuia mlango wake usifungwe na upepo. Hiyo ndiyo nchi tunayoijenga.

Nimemweleza Bitutu, mke wangu, kwamba katika miji mikubwa taa si kitu cha kuonea tu. Ni brashi. Hupaka uwanja rangi, huupa uwanja sura na furaha. Akaniuliza ni lini nitatia kioo taa ya jikoni, iliyokaa bila kioo tangu Pasaka.

Hana upeo.

Jumanne, 13 Juni

Kisii mjini. Nimekwenda kwa Shueib, anayeuza taa na misumari karibu na msikiti. Nikamwomba aniazime karabai nne, zile taa za pampu zinazovuma kama nyuki. Shueib akamalizia chai yake kwanza. Akasema: "Mwalimu, mimi nauza taa. Anayeazima taa huitwa jirani, na wewe hukai hapa."

Nikauliza kama hana shida yoyote inayohitaji kalamu. Anayo. Mwenye ghala mmoja wa Mombasa alimletea vioo vya taa vikiwa vipande, na hajibu barua. Nikakaa juu ya kasha la misumari nikamwandikia kurasa tatu za moto. Nikamtaja Louis wa Kumi na Nne. Nikaitaja Magna Carta, ile hati ya kale ya Waingereza, mara mbili. Shueib akasoma akinyanyua nyusi. Akauliza Magna Carta ni kampuni ya meli? Nikamwambia ni kubwa kuliko hiyo. Akafurahi sana, akanipa karabai nne mpaka mwisho wa mwezi.

Mkewe Asli alituletea chai nyingine. Akauliza taa zote hizo ni za harusi ya nani.

Shueib alinisindikiza mpaka nje akinipa ushauri ambao sikuuomba. Taa moja, alisema. Iwe juu, kioo kiwe safi, basi. Ukianza kuipamba, taa inasahau kazi yake.

Muuzaji huyo. Anaelewa taa kama mchinjaji anavyomwelewa ng'ombe.

Alhamisi, 15 Juni

Jaribio la kwanza, nyumbani, saa kumi na mbili na nusu jioni. Nilipanga chupa kumi na mbili za soda dirishani, nikazijaza maji niliyotia rangi ya kijani ile wanayotilia vikapu, nikaweka karabai nyuma yake. Ua wote ukawa kijani. Ndizi kijani. Ukuta kijani. Ng'ombe kijani, ametulia. Uzuri ambao Nyaramba haijauona.

Bitutu alikuwa ameketi mlangoni akipeta wimbi. Amechoka, macho amefumba kidogo.

Bathsheba akaja kuazima kichungi. Akasimama langoni. Akamtazama Bitutu usoni, rangi ya nyasi, kimya, macho yamefumbwa. Akapiga yowe ambalo lilisikika ng'ambo ya mto.

Ilipofika saa moja na nusu nilikuwa na waombolezaji arobaini. Bitutu mwenyewe ndiye aliyewapikia chai. Baadhi walipokea kikombe kutoka kwake wakimpa pole za msiba, kisha ndipo wakamtazama tena. Mzee mmoja aliyetoka mbali na mbuzi wake alikataa kuondoka. Alisema amekuja matangani na haoni sababu ya kurudi bila matanga. Wengine walikuwa wameshaandaa maneno ya kusema, wakaona si vizuri yaharibike. Wakasimama mmoja mmoja kumsifu. Walisifu mkono wake wa kilimo. Walisifu moyo wake. Watu sita, bila kupatana, walisifu uvumilivu wake wa kuishi na mimi.

Bitutu alisikiliza yote akiwa ameketi kwenye kiti changu. Walipoondoka akaniuliza, kwa sauti nzuri, kama ningependa kuiwasha ile taa tena kesho.

Maoni: rangi ya kijani ni njema, hadhira haikuandaliwa.

Jumapili, 18 Juni

Nimesoma tena L, ukurasa wa taa za miji. Katika miji mikubwa taa hukonyeza. Huwaka, hujificha, huwaka. Jicho la mpita njia haliwezi kukataa. Nikajiuliza karabai itakonyezaje, maana kuizima na kuiwasha ni kazi ya robo saa. Jibu likaja lenyewe: kuifunika na kuifunua.

Saa moja jioni nikapanda kwenye mwamba ulio juu ya soko nikiwa na karabai moja na chungu kikubwa cha Bitutu cha kupikia mboga. Nikafunika. Nikafunua. Nikafunika. Nuru ikaruka kutoka mlimani, ikatoweka, ikaruka tena. Nilitazama chini nikisubiri watu watoke milangoni kustaajabu.

Walitoka. Kisha wakarudi ndani haraka. Nikasikia makomeo. Nikasikia mabati yakipigwa, upande huu wa bonde na upande ule. Mtu akapiga kelele akimtaja Mungu.

Nilikuwa nimefunua mara ya thelathini hivi nilipoelewa. Hapa kwetu hata mtoto wa darasa la pili anajua ni nani hutembea milimani na chungu cha moto, akikifunika na kukifunua. Omorogi. Mchawi. Nimeishi katika bonde hili miaka arobaini na saba, nimesimuliwa chungu hicho kabla sijaota meno, na nilikisahau kwa sababu hakimo katika L.

Nilishuka. Ratemo alikuwa mbele ya duka lake na watu ishirini nyuma yake. Hakupandisha sauti, huwa hapandishi. "Mwalimu," akasema, "mimi sisemi neno. Mimi nauliza tu, chungu ni cha nini?"

Nikamjibu kwamba ni cha mboga. Watu wakarudi nyuma hatua moja.

Jumatatu, 19 Juni

Siwezi kunyamaza. Mwenye kalamu akinyamaza anakuwa mshirika wa wajinga. Nimeandika hoja kumi na moja kwa herufi kubwa, nimezipigilia kwenye mlango wa mashine ya kusaga mahindi, mahali ambapo hakuna asiyepita. Kichwa: KWA NINI MIMI SI MCHAWI.

Hoja ya saba inathibitisha kwamba chungu si changu bali ni cha mke wangu. Hoja ya tisa, ambayo naiona ndiyo kali zaidi, inaonyesha kwamba wachawi hutoka baada ya saa sita, nami saa mbili nilikuwa nyumbani nakula.

Kufikia mchana watu walikuwa wanaulizana nimejuaje saa zao.

Kufikia jioni wanawake wawili walikuwa wameacha kukaa karibu na Bitutu sokoni. Hajasema nami tangu hapo, isipokuwa kuulizia chungu. Kina ufa. Sijamwambia.

Ratemo sasa anatembea na maneno mapya. Eti mmeona wenyewe anataka taa za namna gani. Eti afisa atakapokuja, mwambieni tu yaliyotokea mlimani. Wiki iliyopita nilikuwa na hoja. Leo nina chungu. Bathsheba akija kufungiwa soko atakuwa amefungiwa na mimi. Hilo linanikosesha raha, naliandika hapa mahali ambapo Ratemo hatalisoma.

Bathsheba mwenyewe alikuja jioni. Alisimama mbali kidogo, lakini alikuja. "Mwalimu," akasema, "mimi sitaki taa ya kukonyeza. Nikonyezwe na nani, na umri huu? Nitundikie moja juu ya sufuria, nimwone ninayemmiminia. Wiki jana nilimmwagia mtu mkononi." Nikamweleza kuhusu sura ya uwanja na furaha ya jicho. Akasema jicho lake litafurahi likiona kikombe.

Nikampa karabai moja, ile iliyotoka kwa Shueib ikiwa imebonyea, anyamaze. Zimebaki tatu kwa kazi yenyewe.

Jumatano, 21 Juni

Nimempata Ratemo!

Nilikuwa nimeketi kando ya mashine ya kusaga nikijiuliza jambo dogo. Saa ya ukutani ya Ratemo ilisimama mwaka wa Jamhuri, na yeye hataki ifunguliwe kwa sababu alizawadiwa na mmishenari. Sasa, Ijumaa anajuaje kwamba jua limetua, Sabato imeingia, duka lifungwe? Nikamuuliza binti yangu Nyanchera, ambaye huuza mayai pale pale. Akanishangaa. Alisema kila mtu anajua. Mzee anaangalia mkaratusi.

Kweli. Upande wa mashariki wa uwanja kuna mkaratusi mkubwa, shina lake jeupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Jua la jioni hulipaka manjano. Ratemo hulitazama akiwa nyuma ya kaunta. Manjano yakitoka shinani, anafunga mlango. Wasabato wote sokoni wakiona mlango wake umefungwa, nao wanafunga vikapu. Imekuwa hivyo tangu nikiwa kijana. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Shina jeupe. Nuru ya manjano. Nina karabai tatu.

Ijumaa nitaziweka nyuma ya ukuta wa mashine, zikiangalia mkaratusi. Mbele yake chupa. Rangi ya manjano ya vikapu ni kali mno, inatoa jua la kichaa. Nimejaribu chai. Chai ya rangi, isiyo na maziwa, nyepesi. Vikombe tisa nimejaribu leo, na cha saba kilikuwa jua la saa kumi na mbili na nusu hasa, hata nilihisi njaa ya jioni. Mzee wa kanisa atauza sukari ndani ya Sabato, mbele ya afisa wa kaunsili, akimulikwa na mazao ya bonde letu wenyewe. Baada ya hapo aje anihubirie kuhusu shughuli ya giza.

Mimi pia ni Msabato, wa benchi la nyuma. Nimelipima jambo hili kwa dhamiri. Nitaziwasha taa kabla ya jua kutua. Zikiendelea kuwaka baadaye, hiyo ni kazi yao, si yangu.

Nimecheka peke yangu mpaka Bitutu akatoka jikoni kutazama. Akarudi na ile taa isiyo na kioo.

Ijumaa, 23 Juni



Bwana Andrew alifika saa kumi na moja kwa Landrova. Mtaita mrefu, Kiswahili chake kimenyooka kama kamba ya fundi. Mawingu yalikuwa yametanda tangu saa tisa, nikaogopa hakutakuwa na manjano ya kuigiza. Saa kumi na mbili na robo nikapiga pampu, nikawasha, nikapanga chupa.

Shina likawaka. Jambo zuri kuliko yote niliyowahi kufanya. Nikasikia mwanamke akisema jua limepenya mawingu kwa sababu ya mgeni. Mwingine akasema ni baraka.

Ratemo akalitazama shina, akamtazama afisa, akafungua mikono. Alimweka Bwana Andrew kwenye kiti ndani ya duka, akamwonyesha mizani, akamwonyesha leseni, akamwonyesha picha ya yule mmishenari. Akamweleza kwa nini soko ni la mchana. Kila alipohisi amezungumza mno alitazama mkaratusi, akaona bado kuna muda.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini jua lilitua. Nililiona mimi peke yangu, kwenye upenyo wa mawingu, kwa kuwa nilikuwa nyuma ya ukuta. Saa moja wachumaji wa chai wakaingia sokoni wakiwa na vikapu vitupu migongoni. Ratemo akashangaa. "Leo lori limewahi," akamwambia afisa.

Upande wa pili Bathsheba alikuwa amewasha karabai yake iliyobonyea juu ya sufuria. Ratemo akamwuliza kutoka mlangoni mbona anawasha taa mchana. Akajibu, "Naizoesha tu, Mzee." Bathsheba ni wa Misheni ya Kikatoliki. Sabato yetu haimhusu, na uji wake ulikuwa tayari.

Saa moja na robo chai ilichemka.

Sikulifikiria hilo. Chupa ya katikati ilipasuka, maji yakarukia kioo cha karabai, kioo kikalia paa, utambi ukaanguka, nyingine mbili zikafuata. Jua la Nyaramba lilitua kwa sekunde moja, na kwa mlio.

Giza. Mawingu yalikuwa yameondoka bila mtu kujua, nyota zimejaa mbinguni kama mtama uliomwagika. Na katika kimya kile, kutoka kanisani kule juu, tukasikia vijana wa kwaya waliotangulia mapema wakiimba wimbo wa kufungua Sabato. Walikuwa ubeti wa mwisho.

Ratemo alikuwa amesimama na kijiko kikubwa cha sukari hewani, nusu ya njia kuelekea mizani. Hakukishusha. Hakukirudisha. Mtu akamwashia kiberiti, nikauona uso wake, na nakiri nilicheka kwa sauti.

Kisha kiberiti kikaangaza pembeni. Bitutu. Mke wangu, shemasi wa kanisa miaka kumi na miwili, mkononi ameshika mkungu wa ndizi aliokuwa akimkabidhi mteja. Nyuma yake Nyanchera na mayai. Nyuma yao wanawake wengine, wote Wasabato, jumla yao kumi na wanane pamoja na Bitutu na Nyanchera, kila mmoja ameganda na alichokuwa akikiuza. Hawawezi kuuza. Hawawezi kubeba. Walikuwa wanatazama upande ule ambako kicheko changu kilitoka.

Nilikuwa nimempangia mtego mtu mmoja. Sikukumbuka kwamba soko zima hutazama mlango wake.

Palikuwa na nuru moja tu pale uwanjani: ile karabai iliyobonyea. Chini yake Bathsheba alikuwa akimimina uji, na wachumaji wamejipanga mstari ulionyooka, maana waliona mstari ulipo. Hakuna aliyemwagiwa mkononi. Bwana Andrew akaenda akapanga mstari. Akanywa vikombe viwili. Akaitazama ile taa, akatazama nyuso, akatoa daftari. Akasema kwa sauti ya kikao kwamba hiki ndicho alichokuja kukiona.

Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake kile safi: "Baba wa taa hii ni nani?"

Nikajipangusa vumbi. Nikapiga hatua mbele. Nikafungua kinywa.

Mama wazee wote, kwa pamoja, wakamwonyesha Bathsheba kwa vidole. Katika Kikisii chetu baba mzazi ni tata, na neno baba maana yake ni mama. Waliulizwa mama wa taa ni nani, na walikuwa wanamwona. Bwana Andrew akashangaa kidogo, akaandika jina, akamshika Bathsheba mkono.

Nilibaki na kinywa wazi na harufu ya chai iliyoungua.

Jumamosi, 24 Juni

Kanisani. Mzee Ratemo alisimama kuwakaripia waliovunja Sabato, akafungua Biblia, akakumbuka kwamba wa kwanza ni yeye. Akajikaripia nusu saa. Kwa haki lazima niseme alijikaripia vizuri, kwa ukali ambao hata mimi nisingeufikia. Mwisho akasema kwamba aliyeuza sukari gizani hana tena mdomo wa kufunga soko la mtu, na pendekezo lake ameliondoa. Akaketi, mzee kuliko jana.

Wanawake kumi na wanane wakaungama mmoja mmoja. Bitutu alikuwa wa mwisho. Aliungama maneno manne, kisha akanigeukia.

Nilijitetea. Nilisema taa ziliwashwa mchana. Nikauliza, jua hutua wakati gani, linapozama au mtu anapoliona limezama? Kama ni la pili, basi Ijumaa Nyaramba nzima jua lilitua saa moja na robo na hakuna aliyetenda dhambi. Naona hoja iliwagusa. Mtu wa benchi la mbele akauliza kama waniombee hapo hapo au wangoje nimalize.

Hukumu ilipendekezwa na Bitutu, ikapita bila kupingwa hata na mkono mmoja. Tangu sasa, kila Ijumaa, nitasimama juu ya ule mwamba nikitazama magharibi, na jua likizama nitapiga kengele, soko lote lisikie. Mkononi nisiwe na taa. Wala chungu.

Jumanne, 4 Julai

Barua ya kaunsili imefika. Taa nne zimekubaliwa, na mafundi walioileta wamezisimamisha leo leo, za kawaida, nyeupe, juu ya nguzo, moja ikiwa karibu na sufuria za uji. Zitawashwa kila jioni, na Ijumaa soko lijipangie lenyewe na kanisa lake. Msimamizi wa Taa: Bi. Bathsheba.

Kofia imekuja ndani ya bahasha ya khaki. Ni kubwa kwake. Anaitumia kushikia sufuria ya moto.

Nilirudisha karabai za Shueib. Moja nzima, iliyobonyea kama alivyonipa, na tatu zisizo na vioo. Alipitisha kidole pale palipokuwa na vioo. Akasema yule wa Mombasa amejibu, ameogopa Magna Carta, analeta vioo vipya kasha zima, kwa hiyo niende kwa amani na nisirudi kabla ya Krismasi.

Jioni nilipita sokoni. Watu wananywa, wanacheka, wanaonana. Hakuna rangi hata moja. Nilisimama muda mrefu kidogo kuliko nilivyokusudia. Bathsheba akanimiminia kikombe bila kuniuliza.

Uji ulikuwa mzuri. Lakini kama kazi ya sanaa, uwanja ule ni ukuta mtupu.

Ijumaa, 7 Julai

Nimepiga kengele. Wamefunga vikapu wote, wametii, hakuna aliyeniangalia. Kazi ya mtoto wa zamu shuleni.

Lakini mkononi sasa nina juzuu la S. Nilikwenda Keroka nikampa yule mtu chungu cha Bitutu, nacho kinazuia mlango vizuri zaidi kuliko kitabu. Nimesoma makala yote ya jua, yaliyo S. Nimekaa chini. Nimesimama. Nimekaa tena.

Nuru ya jua hutumia dakika nane kutufikia. Nane! Tunachokiona kikizama ni jua la dakika nane zilizopita. Lenyewe limeshaondoka. Kwa hiyo Ratemo na mkaratusi wake, mmishenari na saa yake, na kengele yangu pia, sote tumekuwa tukifungua Sabato tukiwa tumechelewa dakika nane, kila Ijumaa, tangu kanisa lijengwe. Mimi niliwachelewesha nusu saa na ushei mara moja, nikaadhibiwa. Wao wamechelewa maisha yao yote, na wanaketi mbele.

Bitutu amesoma begani pangu. Ameuliza chungu kiko wapi.

Hapa chini ni tangazo la mlango wa mashine ya kusaga. Litapigiliwa Jumapili asubuhi.

WANAWAKE KUMI NA WANANE WA SOKO LA NYARAMBA, NA WEWE BITUTU UKIWA WA KWANZA: mliungama bila kosa, na mimi nitawatoa aibu. Kengele haitoshi. Dakika nane kabla ya machweo zinahitaji ishara inayoonekana na bonde zima, ya kuwaka na kuzimika, ambayo jicho la mpita njia haliwezi kuikataa. Nadai mje Ijumaa saa kumi na mbili na nusu juu ya mwamba, msikose hata mmoja, kila mtu na karabai yake inayowaka, na kila mtu na chungu cha kuifunikia. Chungu kiwe kikubwa. Kisiwe na ufa.